Nani Atamkatiza Misiani?

Tamthilia ya muziki inayosimulia maisha ya mwanamuziki ina njia iliyokwisha kukanyagwa hadi nyasi hazioti: mtoto wa kijijini, gitaa la kwanza, baba asiyetaka kusikia, safari ya mjini, rekodi ya kwanza, pesa, polisi, kifo, kisha wimbo unaojulikana kuliko zote ukiimbwa na waigizaji wote, taa zote zikiwaka. Daniel Owino Misiani anaingia katika njia hiyo bila kusukumwa. Alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, jirani na Shirati, upande wa Tanganyika wa Ziwa Victoria. Kwao walikuwa watu wa dini, na gitaa halikupendwa. Akavuka kuja Kenya, akaongoza bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz, akaitwa baba wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo (wapo waliombishia, na kweli benga ina wazazi wengi), akakamatwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake, na tarehe 17 Mei 2006 akafa kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu. Vituo vyote vipo. Mwandishi mwenye haraka angemaliza rasimu kabla mwezi haujaandama, na tamthilia ingekuwa mbaya.

Ubaya wake usingetokana na uhaba wa habari. Ungetokana na umbo. Muziki wa mwambao huu, kuanzia Kisumu kushuka Nyakach, Kendu Bay na Homa Bay hadi kuvuka mpaka kufika Shirati kwenyewe, una kanuni zake za nani aseme, nani anyamaze, nani alipe na wimbo usimame wakati gani. Kanuni hizo ndizo tamthilia yenyewe. Atakayezichukua nyimbo akaziacha kanuni atakuwa ameandaa tamasha la nyimbo za marehemu, na tamasha la namna hiyo linapatikana Kondele wikendi yoyote bila mwongozaji wala tiketi ya bei kubwa.

Tuanze na nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, kwa kuwa ndiko benga ilikotoka. Mpigaji wake, jathum, huketi kwenye kigoda kifupi kiasi kwamba magoti yanapanda karibu na kifua. Ala imelazwa mbele yake, nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile ile ambayo wavuvi wa Dunga huitumia kwa mishipi yao. Mguu wa kulia umefungwa njuga, gara, na kidole gumba cha mguu huo kimevalishwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa chini wa ala. Vidole vya mikono vinadonoa nyuzi, mguu unagonga na kulialia kwa wakati mmoja, kinywa kinaimba. Mtu mmoja ni bendi nzima, na bendi hiyo imeketi.

Sasa mwingize katika ukumbi wa tamthilia. Jukwaa la kisasa humpenda mtu aliyesimama. Mhusika mkuu husimama katikati, uso kwa hadhira, akatembea huku akiimba, taa ikamfuata. Mwongozaji atamwinua jathum wake, na dakika ile ile vitu vinne vitaachana: njuga zitakwenda kwa wachezaji, pete itakwenda kwa mpiga ngoma, nyuzi zitakwenda kwa bendi iliyofichwa kando, na mwigizaji atabaki na kinywa na maikrofoni. Masikio yatasikia sauti zote zile zile. Macho ndiyo yatakayopoteza, maana wenye kuipenda nyatiti hutazama mguu kama wanavyosikiliza sauti. Hutaka kuona ugomvi kati ya mguu na mkono, kila kimoja na hesabu yake, ndani ya mwili mmoja usioondoka mahali ulipo.

Mtu ataniambia kwamba benga nayo iliigawa nyatiti vipande, na hakuna aliyeilaumu. Ni kweli, na ndiyo sababu benga ni somo bora la kuhamisha sanaa kutoka umbo moja kwenda jingine kuliko kitabu chochote cha uandishi wa tamthilia. Vijana wa miaka ya 1960 hawakuibeba nyatiti kuipeleka studio ili ionekane. Waligawa kazi zake. Gitaa la solo lilichukua nyuzi za juu pamoja na tabia yake ya kumfuata mwimbaji hatua kwa hatua, kumjibu, mara nyingine kurudia alichotoka kukisema kabla hajavuta pumzi. Besi ilichukua uzito wa chini ikawa mbele kuliko besi ya muziki mwingi wa enzi ile. Ngoma zilichukua mguu. Kisha wakaongeza jambo ambalo gitaa la umeme liliweza zaidi: waimbaji wananyamaza, solo linashika usukani, mwendo unapanda, na wimbo uliokuwa hadithi unakuwa miguu. Santuri ndogo nyingi za benga ziliukata wimbo mmoja pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno. Ukiigeuza santuri, gitaa linakungoja.

Hilo ndilo jambo la kuiga. Watu wa benga waliiacha ala wakashika kazi yake. Atakayempeleka Misiani jukwaani naye ana haki ya kuacha mengi, hata tarehe na majina, mradi ajue ni kazi gani haiwezi kuachwa.

Kazi hiyo ni pakruok.

Asiyewahi kuiona aelezwe. Jathum anaimba, watu wamekaa na vinywaji vyao. Mmoja anainuka, anakwenda mbele akiwa na noti mkononi, anaitoa, na muziki unasimama. Unasimama kweli: nyuzi kimya, mguu kimya. Yule bwana anajisifu. Hasemi yeye ni fulani mwenye ng'ombe kadhaa. Anajisifu kwa mafumbo, kwa majina ya kupanga, kwa ukoo wa mama yake, kwa mkwe wake, kwa rafiki aliye mbali, kwa mnyama anayejifananisha naye, na maneno yake yana mapigo yanayokaribia wimbo. Pengine anamrushia kijembe aliyetoka kujisifu kabla yake. Akimaliza, muziki unarudi, na jathum sasa anamwimba yeye: jina lile limeingia ndani ya wimbo. Dakika chache baadaye anainuka mwingine. Noti yake ni kubwa zaidi.

Msomaji wa pwani atasema hii ni kutunza, kama tunavyotunza katika taarabu. Zinafanana kwa mbali tu. Katika taarabu mwanamke huinuka na noti yake wakati beti inayomfaa inaimbwa. Anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji, na kwa kitendo hicho maneno ya beti yanakuwa yake, yamlenge anayemkusudia. Wimbo hausimami. Mtunzaji anasema kwa kinywa cha mwimbaji. Katika pakruok mtoaji ananunua kimya cha mwimbaji ili aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Mmoja anakodi maneno, mwingine anakodi nafasi. Kwa mwandishi wa tamthilia tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu njia ya pili inamfanya mtazamaji kuwa mhusika anayezungumza, na inamfanya nyota wa usiku ule kuwa mtu anayeweza kunyamazishwa wakati wowote na yeyote mwenye shilingi mia.

Tamthilia ya maisha ya mwanamuziki haivumilii jambo hilo. Imejengwa juu ya mtu asiyekatizwa: wengine wote jukwaani wapo ili yeye afike kwenye wimbo wake. Nyimbo za Misiani na za wenzake zimejaa watu wengine. Zimejaa wafadhili, wakwe, marafiki, wafanyabiashara, marehemu waliostahili kuombolezwa. Ukitafuta ndani yake mtu anayesema "mimi" kwa namna tamthilia inavyotaka, yaani anayefungua kifua na kueleza alichoteseka, utatafuta sana. Mwimbaji wa benga ni mwenyeji wa majina ya watu.

Kabla ya kulalamika kwamba jukwaa la muziki haliwezi kubeba umbo la namna hii, tulitazame onyesho lililokaribia. Fela! lilifunguliwa Broadway, New York, tarehe 23 Novemba 2009, likiongozwa na Bill T. Jones aliyeliandika pamoja na Jim Lewis, na Sahr Ngaujah akiwa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Kazi ile ilikuwa nzito kiasi kwamba alipokezana na Kevin Mambo. Uamuzi mkubwa wa onyesho hilo ulikuwa wa umbo. Hawakusimulia maisha kutoka utoto. Ukumbi uligeuzwa kuwa Shrine, klabu ya Fela ya Lagos, mwaka 1978, baada ya wanajeshi kuvamia makazi yake Februari 1977 na mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, kufariki mwaka uliofuata. Watazamaji waliingia wakakuta bendi tayari inapiga, jukwaani, si shimoni. Fela akawapigia soga, akawakejeli, akawainua vitini na kuwafundisha kuzungusha nyonga kwa kufuata saa. Historia yote ilipitia ndani ya soga hizo, na ilipitia vizuri, kwa kuwa Fela wa kweli alikuwa na desturi ya kuzungumza na hadhira yake kati ya nyimbo, akiitukana serikali na kuwachekesha watu. Waandishi waliikuta njia ya kusimulia ikiwa tayari katika usiku wake wa kazi. Hawakuhitaji kuibuni.

Fela! linaachana na umbo hilo katika sehemu mbili, na zote mbili zinaonekana wazi. Ya kwanza ni urefu. Wimbo wa Fela uliweza kujaza upande mzima wa santuri kabla hajafungua kinywa. Onyesho lenye nyimbo nyingi kwa usiku mmoja lililazimika kuzikata. Zaidi ya hayo, Fela alikuwa na kawaida ya kutopiga tena jukwaani wimbo aliokwisha kuurekodi. Onyesho la nyimbo zake maarufu ndilo onyesho ambalo yeye mwenyewe asingelipiga. Sehemu ya pili ni safari ya kwenda kwa mizimu kumtafuta mama, ambako Lillias White aliimba kwa nguvu kubwa wimbo uliotungwa kwa ajili ya onyesho. Sauti ile haina kasoro. Lakini hapo Shrine inatoweka, na tunarudi kwenye sheria ya Broadway kwamba lazima mtu asimame peke yake katika mwanga aimbe kilichomo moyoni. Ajabu ni kwamba onyesho linapata nguvu tena linapoacha kuimba: maneno ya ushahidi wa waliopigwa katika uvamizi yanaonekana kwenye skrini, kisha waigizaji wanaleta majeneza na kuyalundika mbele. Kitendo cha umma kilimkaribia Fela kuliko wimbo wa siri.

Mwaka 2022 New York iliona jaribio jingine, Dreaming Zenzile, lililoandikwa na kuchezwa na Somi Kakoma, mwimbaji mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake wanatoka Rwanda na Uganda. Ni juu ya Miriam Makeba, na linajifunga kwenye onyesho lake la mwisho, Castel Volturno nchini Italia, Novemba 2008, alikoanguka baada ya kuimba na kufariki. Wahenga wanne wanamwita, naye anaomba kumaliza kwanza kazi yake. Tena usiku mmoja, tena mwanamuziki kazini. Ila hapa kuna jambo ambalo Fela! halina: kiitikio kina haki ya kumkatiza nyota. Wahenga wanaingia kati ya nyimbo na kudai chao. Sijui kama Kakoma alikuwa na ngoma za kwetu akilini, lakini mtu aliyelelewa na pakruok ataitambua ile hali ya kuimba huku mtu amesimama mbele yako akisubiri.

Turudi kwa Misiani, kwa sababu yeye ni mgumu kuliko hao wawili. Fela alitaja maadui zake kwa majina. Makeba alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza. Misiani alisema siasa kwa wanyama na kwa visa vya Biblia. Bim en Bim ni wimbo wa nyani ambao kila mtu katika baa ya Kisumu alijua haumhusu nyani. Ukali wake ulikuwa pale pale aliposimamia: mwimbaji anaweza kuapa mbele ya polisi kwamba alikuwa anaimba habari za porini, na msikilizaji anarudi nyumbani akicheka kwa sababu ameelewa peke yake. Kwa mgeni kutoka Shirati anayeimba siasa za Kenya, fumbo lilikuwa pia kinga.

Sasa mfikirie mwandishi wa tamthilia. Ataandika onyesho ambamo Misiani, usiku, na taa ya bluu, anamweleza mkewe kwamba nyani ni waziri fulani. Mtazamaji wa Nairobi asiyejua Dholuo ataelewa na atapiga makofi. Na hapo wimbo umekufa. Sanaa yake yote ilikuwa katika kutoeleza, na umbo la wasifu jukwaani limejengwa juu ya kueleza. Ningemshauri mwandishi huyo amnyime Misiani mazungumzo kabisa. Aimbe tu. Mazungumzo yapewe wengine: afisa wa upelelezi anayeusikiliza wimbo kwa mara ya tano akitafuta kosa la kuandika kwenye faili, mwenye baa anayeogopa leseni yake, mpiga besi anayetaka kujua watalipwa lini, mwanamke aliyetajwa katika wimbo bila kuulizwa. Kila mmoja aeleze nyani ni nani, na kila mmoja aseme tofauti. Maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa yatoe hadithi ya nyani jinsi ilivyo, basi.

Ayub Ogada, mpiga nyatiti, angehitaji jukwaa jingine kabisa, nami nampitia haraka. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda, akaanzisha African Heritage Band pamoja na wenzake, mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake akapiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, akarekodi kwa Peter Gabriel, wimbo wake Kothbiro ukatumika katika filamu ya The Constant Gardener, na Februari 2019 akafariki Nyahera, hapa Kisumu. Kwake yeye pakruok ilikatika. Wapita njia wa London walitupa sarafu bila kusimama na bila kudai neno. Tamthilia ya maisha yake ingejengwa juu ya sarafu hizo zisizo na majina.

Sidhani kwamba tunakosa mafunzo ya kuandaa onyesho linalokubali kukatizwa. Mwaka 1977 Kamirithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandaa onyesho la Ngaahika Ndeenda kwa mazoezi ya wazi, wanakijiji wakisahihisha maneno na nyimbo walizozijua kuliko waandishi. Serikali ililipiga marufuku na Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Lilipochezwa tena Nairobi mwaka 2022 katika Kenya National Theatre, lilikuwa onyesho zuri la watu walioketi kwa utulivu, na kile cha kukatiza na kusahihisha hakikuwapo tena. Na kila mwaka shule za Nyanza hupeleka kwenye tamasha la drama la shule na vyuo densi za kubuni: hadithi nzima inachezwa na kundi, mwimbaji mmoja akiongoza, orutu, zeze la uzi mmoja, na ngoma za ohangla zikipigwa hapo hapo mbele ya macho. Watoto wa sekondari wanajua kusimulia mtu bila kumsimamisha kwenye taa peke yake. Wakifika chuo wanafundishwa kusahau.

Kuna suala la jinsia ambalo onyesho haliwezi kulikwepa. Nyatiti kwa desturi ni ya wanaume, na wanaojisifu mbele yake wengi ni wanaume. Suzanna Owiyo wa Nyakach ameshika nyatiti mbele ya dunia, na nyimbo za dodo zinazoimbwa na akina mama, kama Ogoya Nengo wa Siaya, zina sifa na vijembe vyake. Mwandishi akiwaweka wake na mama kando kama walivyowekwa katika wasifu mwingi wa wanamuziki, atakuwa amesahau nusu ya watu wanaotajwa katika nyimbo zenyewe. Wape wanawake wa ukumbini nafasi ya kukatiza. Wana ya kusema.

Ombi langu kwa vikundi vya Kisumu ni dogo. Msimngoje mfadhili ajenge ukumbi wenye pazia. Ukumbi wa Mama Grace Onyango unatosha, viti vikipangwa nusu duara na mpigaji akiketi chini katikati. Wimbo mmoja upigwe mzima, pande zote mbili za santuri, hata ukichukua robo saa. Warithi wa nyimbo waulizwe na walipwe kabla ya mazoezi kuanza, maana hata Fela! liliishia kushtakiwa na Carlos Moore, aliyeandika maisha ya Fela. Na mlangoni akae mtu mwenye kisanduku cha kubadilisha noti za elfu ziwe za mia mia, ili atakayetaka kumkatiza Misiani asikose chenji.